Sura ya 4: Kuhesabu Kuanzia Sifuri

Namba iliyokuwa kwenye daftari ilikuwa 10.82, na kijana aliyeiandika alikuwa tayari ameshika kifutio.

Walikuwa watatu, wa kidato cha nne, katika maabara ya shule moja mjini Sumbawanga. Ilikuwa Juni, ile Juni ya Ufipa ambayo baridi yake humpeleka mgeni wa kutoka Dar es Salaam kutafuta sweta la mtumba siku ileile anaposhuka basi. Madirisha yalikuwa yamefungwa ili upepo usiingie. Juu ya fremu ya mlango walikuwa wamepigilia msumari, wakafunga uzi wa kushonea viatu, na mwisho wa uzi wakaning'iniza nati kubwa ya gurudumu la lori. Kutoka msumarini hadi katikati ya nati ilikuwa mita moja kamili, waliipima mara tatu. Wakaivuta pembeni kidogo, wakaiachia, wakaiacha ipembee mara 20 kwenda na kurudi. Stopwochi ikasoma sekunde 38.21. Wakagawanya kwa 20, wakaingiza kwenye kanuni, wakapata kwamba uvutano wa dunia hukiongezea kitu kinachoanguka kasi ya mita 10.82 kwa sekunde kila sekunde.

Kitabu kinasema 9.8.

"Tuandike 9.79," kijana alisema kwa sauti ya chini. "Tukiandika 9.8 kamili watajua tumepika."

Kupika. Kila aliyesoma sayansi sekondari hapa nchini analijua neno hilo. Unaanza na jibu ambalo mtahini analitaka, unarudi nyuma hatua kwa hatua, unatengeneza vipimo vinavyolizaa. Nami nilipika nilipokuwa na umri wao, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba namba iliyokosea ina habari ndani yake. Nikamwomba aweke kifutio chini, warudie jaribio, na safari hii wahesabu kwa sauti.

Msichana aliyeshika nati akaiachia, mwenzake akabonyeza stopwochi, na wote wakasema kwa pamoja: "Moja!"

Nati inapoachiwa haijapembea hata mara moja. Ile "moja" ilikuwa ya bure. Walipofika "ishirini" nati ilikuwa imekwenda na kurudi mara 19 tu. Sekunde zao zilikuwa za mipembeo 19, wao wakazigawa kwa 20. Muda wa mpembeo mmoja ukapungua kwa asilimia 5, na uvutano walioukokotoa ukazidi kwa karibu asilimia 11. Mikono yao haikutetemeka, uzi haukuwa mfupi, stopwochi haikuwa mbovu. Tatizo lilikuwa neno moja lililotamkwa mapema.

Nguzo sita za uzio zina nafasi tano katikati yake. Anayepima muda anatafuta nafasi, lakini jicho na mdomo hupenda kuhesabu nguzo. Ajabu ni kwamba saa yetu ya Kiswahili haina kosa hili. Alfajiri inapokucha hatusemi saa moja. Tunasema saa kumi na mbili, maana saa 12 za usiku zimekwisha, kisha tunangoja saa nzima ya mchana ipite ndipo tuseme saa moja asubuhi. Saa zetu huhesabu muda uliokwisha kupita, na mahali pake pa kuanzia ni sifuri, ingawa sifuri hiyo haitamkwi. Mtoto aliyekua akisoma saa kwa namna hii anaijua tayari kanuni ya maabara. Kinachohitajika ni mwalimu wa kumwonyesha kwamba pendulamu nayo husomwa vilevile: unapoachia sema "sifuri", na nati ikirudi mara ya kwanza sema "moja".

Sasa tuangalie kwa nini asilimia 5 za muda zilizaa asilimia 11 za jibu. Vipimo vyenyewe vinajieleza. Kasi ni mita kwa sekunde. Mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka, ni mita kwa sekunde kwa sekunde. Sekunde hutajwa mara mbili kwa sababu muda huingia mara mbili katika hesabu: mara ya kwanza unapotafuta kasi, mara ya pili unapotafuta imebadilika kwa haraka gani. Kwa hiyo kosa la muda nalo huingia mara mbili. Saa ikikosea kwa asilimia 1, kasi hukosea kwa asilimia 1 na mchapuko kwa asilimia 2. Ukikosea kupima urefu wa uzi kwa asilimia 1, uvutano utakosea kwa asilimia 1 tu. Ndiyo maana huwa nawaambia walimu wanaotumia nusu ya kipindi kunyoosha rula kwamba rula yao haina shida. Waangalie saa.

Chukua jaribio linalopendwa kuliko yote, la kuangusha kitu na kukipima kwa stopwochi. Kutoka kimo cha mita 2, jiwe hufika chini kwa sekunde 0.64. Binadamu aliye macho huhitaji karibu sekunde 0.2 tangu aone jambo mpaka kidole gumba chake kibonyeze. Tuseme mwanafunzi ni hodari na amekosea kwa sekunde 0.1 tu. Akichelewa, saa itasoma 0.74 na uvutano utatoka 7.3. Akiwahi, saa itasoma 0.54 na uvutano utatoka 13.7. Kosa lilelile la kidole, upande huu au ule, limempeleka kwenye sayari mbili tofauti.

Kuna jambo la ndani zaidi hapo, na sijaliona likisisitizwa darasani. Mwanafunzi mwenye bidii atasema: nimewahi mara moja, nimechelewa mara moja, nikichukua wastani makosa yatafutana. Wastani wa 7.3 na 13.7 ni 10.5. Hayakufutana! Muda uko chini ya mstari wa kugawanya, tena kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kuwahi hupandisha jibu kuliko kuchelewa kunavyolishusha. Lakini akichukua kwanza wastani wa muda, yaani 0.74 na 0.54, atapata 0.64, na kanuni itampa karibu 9.77. Wastani wa muda kwanza, hesabu baadaye. Mpangilio huo hauhitaji shilingi hata moja.

Kidole gumba kimewahi kusumbua watu wakubwa kuliko sisi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia. Saa ya umeme ilisoma dakika 3 na sekunde 32.16. Wakati huo rekodi za mbio hizo ziliandikwa kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo vitabu vikaandika 3:32.2. Bayi alikuwa akikimbia zaidi kidogo ya mita 7 kwa sekunde, hivyo zile sekunde 0.04 zilizoongezwa ni kama sentimeta 28 za uwanja. Katika mbio za mita 1500 hilo ni jambo dogo, halifiki hata sehemu mbili katika elfu kumi za kasi yake. Sasa mpeleke mpima-saa yuleyule kwenye mita 100. Huona moshi wa bastola, kidole chake huchelewa kuanza. Lakini mwishoni anamwona mkimbiaji akija, hujiandaa, hubonyeza kwa wakati. Matokeo yake saa ya mkono huiba muda mwanzoni bila kuurudisha mwishoni, na kwa mita 100 wataalamu wa riadha waliukadiria wizi huo kuwa sekunde 0.24. Sekunde 10.0 za mkono ni kama 10.24 za umeme, na kasi ya mita 10 kwa sekunde ni 9.77 kwa kweli. Kuanzia mwaka 1977, rekodi za dunia za mbio fupi hadi mita 400 zikawa za saa za umeme pekee.

Kwa hiyo kosa lenyewe halina ukubwa mpaka ujue limewekwa juu ya muda gani. Ndiyo siri ya kupembeza nati mara 20. Mpembeo mmoja wa uzi wa mita moja huchukua sekunde 2 hivi. Kosa la sekunde 0.2 juu ya sekunde 2 ni asilimia 10, na uvutano utakosea kwa asilimia 20. Kosa hilohilo juu ya sekunde 40 ni nusu ya asilimia moja, na uvutano utakosea kwa asilimia moja tu. Zaidi ya hapo, kwenye pendulamu unaweza kumwandaa mpimaji aangalie nati inapopita katikati, mwanzoni na mwishoni, ili ule uvivu wa kidole uwe sawa pande zote mbili. Ukichelewa kwa sekunde 0.2 kuanza na 0.2 kumaliza, hujapoteza kitu.

Shule zenye vifaa hutumia mashine ya kugonga nukta, tikataima. Utepe wa karatasi hufungwa nyuma ya troli, hupita chini ya kijiti kinachogonga, na kila pigo huacha nukta. Wengi huiamini kwa sababu haina kidole gumba. Lakini mapigo yake huyapata kwenye umeme: umeme ukiwa wa mizunguko 50 kwa sekunde, nafasi kati ya nukta mbili ni sekunde 0.02. Sumbawanga kwa miaka mingi imepata umeme wake kutoka Zambia, kwa njia inayopitia Mbala, na umeme wa gridi kubwa hushikilia 50 yake vizuri. Umeme ukikatika siku ya jaribio na shule ikawasha jenereta ndogo, mambo hubadilika. Jenereta hiyo ikielemewa na mzigo huzunguka polepole. Tuseme imeshuka hadi 47. Nukta sasa zinaachana kwa sekunde 0.0213, lakini mwanafunzi ataendelea kuandika 0.02 kama alivyofundishwa. Kasi yake itazidi kwa asilimia 6, mchapuko kwa asilimia 13, na utepe utaonekana safi kabisa, nukta zimepangika kama shanga. Kosa la namna hii halionekani hata ukirudia mara mia, kwa maana kila mara litakudanganya kwa kiasi kilekile. Linaonekana tu ukiiweka mashine mbele ya saa nyingine.

Kwenye utepe huohuo kuna mtego mwingine, nao ndio unaonihuzunisha zaidi kwa sababu huwakamata wanafunzi waangalifu. Wanakata vipande vya nafasi tano tano, kila kimoja sekunde 0.1. Cha kwanza kina sentimeta 4.0, cha pili 4.8. Kasi ni 40, kisha 48. Tofauti ni 8, gawanya kwa 0.1, mchapuko ni sentimeta 80 kwa sekunde kwa sekunde. Safi. Sasa acha kijiti kikosee kidogo sana, asilimia 2 ya kipande, yaani sekunde 0.002: kasi ya kwanza isomeke 40.8 na ya pili 47.0. Hakuna atakayeshtuka. Lakini tofauti imekuwa 6.2 badala ya 8, na mchapuko 62 badala ya 80. Kosa dogo limepanda hadi asilimia 22, kwa sababu ukitoa namba mbili zinazokaribiana, namba hupungua ila makosa yake hubaki palepale. Dawa yake ni kusimama mbali. Linganisha kipande cha kwanza na cha kumi. Makosa yaleyale ya asilimia 2 yatakupa karibu 77, na hilo ni kosa la asilimia 4. Huyo ni mwanafunzi yuleyule, na utepe uleule.

Siku hizi simujanja imeingia maabara, nami naifurahia. Unarekodi jiwe likianguka, unahesabu picha moja moja, umepata saa ya bure. Angalia jambo moja tu. Chumba kikiwa na giza, kama vinavyokuwa vyumba vya Sumbawanga mawingu ya masika yanapotanda, simu nyingi hupunguza picha ili kila moja ipate mwanga wa kutosha. Ulidhani inapiga picha 30 kwa sekunde, kumbe 24. Uvutano wako utapaa hadi 15. Pelekeni jaribio nje kwenye jua, au mrekodi kwanza mshale wa sekunde wa saa ya ukutani mwone ni picha ngapi zinaingia ndani ya sekunde moja.

Kutoka Sumbawanga, ukipita Matai na kuelekea mpaka wa Zambia, unafika kijiji cha Kapozwa, na baada ya Kapozwa ardhi inakatika. Maporomoko ya Kalambo hushuka mkondo mmoja wa zaidi ya mita 220, na korongo aina ya marabou hujenga viota kwenye kuta za mwamba. Kila ninapowafikisha vijana pale, wa kwanza kuzungumza huuliza kama angeweza kupima uvutano kwa jiwe. Hairuhusiwi kutupa mawe, huko chini kuna watu na viumbe, lakini swali ni zuri na tunalifanya kwa akili. Bila hewa, jiwe lingechukua sekunde 6.7. Kosa la kidole la sekunde 0.1 hapa lingeharibu jibu kwa asilimia 3 tu, wakati kwenye mita 2 liliharibu kwa asilimia 25 na zaidi. Basi tumeshinda? Bado. Jicho halilifuati jiwe hadi chini, kwa hiyo ungesubiri mlio. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, ingehitaji karibu sekunde 0.65 kupanda hadi ulipo. Saa yako ingesoma 7.35, na uvutano ungetoka karibu 8.1. Tena bado hujaihesabu hewa inayolizuia jiwe. Ni kosa lilelile la msimamizi wa michezo ya shule anayekaa mwisho wa mita 100 na kusubiri asikie filimbi badala ya kuangalia bendera ikishuka: sekunde 0.3 zimekwenda kabla mlio haujamfikia.

Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wanaakiolojia walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature. Umri waliouandika ni miaka 476,000, zaidi au pungufu 23,000. Huwa nawaambia vijana wasome namba ile ya pili kwa heshima kama ya kwanza. Timu ya wanasayansi wa kimataifa imetangaza kosa la karibu asilimia 5 mbele ya dunia nzima, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi yao iaminike. Asilimia 5 ndilo kosa la muda la wale wanafunzi watatu waliosema "moja" mapema.

Kuna swali ambalo mwanafunzi mmoja aliniuliza tukiwa njiani kurudi, tunapanda kutoka ziwani. Kasanga iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi juu ya bahari. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi. Je, uvutano haupungui ukipanda? Unapungua. Lakini tofauti ya Kasanga na Sumbawanga haifiki sehemu nne katika elfu kumi, na kwa mipembeo 20 hiyo ni chini ya sekunde 0.01. Hakuna kidole gumba duniani kitakachoiona. Ila ukichukua saa ya pendulamu iliyorekebishwa vizuri Kasanga ukaipandisha Sumbawanga, itachelewa kwa sekunde kumi hivi kila siku, na baada ya wiki hata mtoto ataiona. Mfaransa Jean Richer aliligundua jambo la aina hii mwaka 1672 alipoipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta: ilichelewa kwa dakika mbili na nusu kila siku. Hakuwa na kidole chepesi kuliko wengine. Aliipa saa yake muda mrefu wa kutosha ili tofauti ndogo ikue.

Wale watatu wa maabarani walirudia jaribio mara tatu, wakianza na "sifuri". Stopwochi ilisoma 40.11, 40.31 na 40.19. Walichukua wastani wa muda kwanza, kisha wakakokotoa. Jibu lilikuwa 9.77, na kwa kuwa vipimo vyao vilitofautiana, wakaongeza pembeni: zaidi au pungufu 0.05. Uvutano wa Sumbawanga, kwa latitudo yake na mwinuko wake, ni karibu 9.78. Walikuwa wameupima mji wao kwa nati ya lori na uzi wa viatu.

Kijana hakuifuta ile 10.82. Aliipiga mstari mmoja ili iendelee kusomeka, akaandika chini yake: "Tulihesabu mipembeo 19." Mwalimu unayesoma sura hii, ukikutana na daftari kama hilo, lipe maksi zake zote.